Mtaalamu wa Omena

Kila Jumanne afisa wa samaki hufika ufuo wa Dunga na viatu vinavyong'aa, huruka madimbwi kama kuku aliyenyeshewa, kisha hukunjua chati yake yenye picha ya omena, wale dagaa wembamba wa ziwani. Picha hainuki, ndiyo maana anaipenda. Samaki wenyewe huwaonyesha kwa kalamu tu, mkono wa pili mfukoni, akiwasomea akina mama waliokulia ufuoni kwamba omena huishi juu ya maji, huenda kwa makundi na hufuata taa. Adongo, mchuuzi mmoja wao, humsikiliza huku vidole vyake vikichambua beseni bila yeye kulitazama: kinachoteleza ni omena, kinachochoma ni fulu, samaki ambaye mteja hakumwagiza. Wiki hii fulu walizidi, na wateja wake wa soko la Kondele wakamrudishia mzigo.

"Bwana afisa, andika kwamba maboti yanatuletea omena waliochanganywa na fulu," akamwomba.

"Mama, kazi ya kutambua samaki niachie mimi," akajibu kwa ile sauti yake ya mimbarini.

Ili kumaliza ubishi, akatoa mkono mfukoni kwa mara ya kwanza, akabana kisamaki kimoja beseni­ni na kukilaza juu ya picha. Mwiba wa mgongoni ukamdunga. Adongo akangoja amtaje fulu. Afisa akanyonya kidole, akaitazama chati, kisha kwenye fomu yake ya ripoti, palipoandikwa tabia za omena, akaongeza kwa mwandiko wake mzuri: huchoma.