Maji ya Chai ya Mama

Tangu baba apatwe na kiharusi, nyumba yetu ya Bagamoyo ilikuwa haijasikia kicheko chake. Ndiyo maana siku mbuzi wa jirani alipoingia uani akautafuna ukili wa mama wa kushonea mkeka, na baba akacheka mpaka machozi yakamtoka, nilikimbilia kamera yangu ya mkanda badala ya kumfukuza mbuzi. Mama alinisema sana. Sikujali; ilikuwa picha ya mwisho kwenye mkanda, na nilikuwa nimeipata.

Mkanda niliusafisha mwenyewe bafuni, kama kawaida yangu. Dawa zote zilikwenda vizuri. Kufika kusuuza, bomba likakohoa, maji yakakatika. Nikachota maji ya kisima, nikasuuza, nikautundika. Ulipokauka nikauinua dirishani: madoa ya chumvi yametapakaa usoni pa baba kama tetekuwanga. Nikauloweka tena kwa maji yale yale, maana nikiwa na hasira huwa sifikiri, na chumvi ikazidi. Nilitaka kuyafuta madoa kwa upindo wa kanga, nikajizuia. Mkanda ukikwaruzika ndiyo basi tena. Nikaketi kizingitini, nikalia.

"Una nini?" mama akauliza. Nikamwonyesha.

"Umemkosha baba yako kwa maji ya kisima? Maji ambayo mie hata chai siyapikii?"

Akaingia jikoni, akatoka na mtungi wake wa maji ya mvua. Yale hayaguswi, ni ya chai tu, na mvua zilikuwa bado mbali. Aliyamimina yote kwenye beseni kabla sijamzuia. Nikatia tone la sabuni ya vyombo, nikauloweka mkanda mpaka madoa yakalegea, nikautundika na kufunga dirisha vumbi lisiingie. Safari hii ulikauka ukiwa safi. Nikaupiga picha kwa simu, nikageuza weusi kuwa weupe ili sura ya baba ionekane, nikampa mama. Simu yangu hakuirudisha upesi.

Jioni chai ikapikwa kwa maji ya kisima. Baba akaonja, akakunja uso, akamtazama mama, kisha akaanza kucheka, upande mmoja wa mdomo kwanza.

"Kamera!" mama akapiga kelele. "Kamera yako iko wapi?"

Mkanda ulikuwa umekwisha, na simu niliiacha mfukoni. Nikakaa pale pale na kikombe changu cha chai ya chumvi, nikamtazama baba akicheka.