Jibu la Prof Athanase

Mtaani Nyakasanza, mjini Bunia, watu wengi walimjua Athanase kama yule mwalimu wa biolojia anayefunga majani kwenye magogo. Nyuma ya nyumba yake, chini ya kivuli cha wavu uliochakaa, aliotesha okidi alizookota kwenye miti iliyokatwa njia ya Mambasa. Majirani waliona majani tu. Yeye aliona Bulbophyllum yenye mdomo unaotikisika upepo ukipita, Polystachya yenye mdomo unaotazama juu, Angraecum yenye mkia mwembamba wa kuwekea asali. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzipanga kwa jenasi na kuziorodhesha vizuri, ili siku moja wanafunzi wa Ituri wajue kinachoota kwao.

Aliifanya kazi hiyo pamoja na Christian, mwalimu wa kuchora wa shule ileile, kijana mrefu wa mtaa wa Rwambuzi. Athanase alifungua ua kwa wembe, akahesabu vifurushi vya chavua, Christian alichora. Ua likiwa gumu kutambulika, walibishana mpaka Priscille, mke wa Athanase, aje kuwaambia ugali umepoa.

Kulikuwa pia na vyungu kadhaa vya okidi za kigeni, vilivyoachwa na mama mmoja mwenye shamba la kahawa alipohama nchi. Hizo zilikuwa mahuluti, zilizozalishwa kutoka jenasi mbili kwa mikono ya watu. Hata jina lao huunganishwa: Laelia na Cattleya huzaa Laeliocattleya, na mbele ya jina huwekwa alama ya kuzidisha.

"Hizi tuandike ku karatasi ya pembeni," Athanase alisema. "Hazikuzaliwa na pori."

"Sasa mimi, Prof, utaniandika ku karatasi gani?" Christian aliuliza.

Alikuwa anatania. Mama yake, Emerance, alikuwa wa kabila moja na Athanase. Baba yake, aliyekufa zamani, alikuwa wa kabila lile lingine la Ituri, lililokuja kupigana na lao. Kabla ya vita hilo halikuwa jambo la kushangaza; nyumba nyingi za Bunia zilikuwa hivyo. Athanase alicheka, akamwambia achonge kalamu.

Mwezi wa tano mwaka wa 2003, askari wa Uganda waliokuwa wameushika mji walipoondoka, ulibaki mikononi mwa wanamgambo waliokuwa wakipigana kwa kabila. Watu walikimbilia karibu na uwanja wa ndege na kwenye makao ya Umoja wa Mataifa. Priscille na Emerance walitangulia pamoja, wamebeba sufuria na mikeka. Christian alitaka kuwafuata palepale. Athanase alimzuia.

"Tumalize hii karatasi ya mahuluti. Tukiacha sasa, nani atajua tena vile vyungu ni vya nini?"

Christian alikubali. Hakuzoea kumkatalia.

Walipotoka asubuhi iliyofuata, barabara ilikuwa imefungwa kwa kamba, kutoka nguzo ya umeme mpaka kwenye pikipiki iliyoungua. Vijana wenye bunduki, wa kabila la Athanase, walikuwa wakipitisha watu mmoja mmoja. Mkubwa wao alimwangalia Athanase, uso wake ukakunjuka.

"Prof! Ni mimi, Blanchard. Ulinifundisha." Akawageukia wenzake. "Huyu muzee, anaangalia ua mara moja tu, anakuambia jina yake na ya wazazi wake. Hakosee hata siku moja!"

Wenzake walicheka. Athanase naye alitabasamu. Kisha Blanchard akamwonyesha Christian kwa kidevu.

"Na huyu?"

"Niko mwalimu," Christian alisema.

"Sikuuliza kazi. Prof, huyu iko wa wapi?"

"Mama yake iko wa kwetu," Athanase alijibu.

"Na baba?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ni mtoto wa dada yake, na hakuna mtu pale ambaye angebisha. Lakini swali lilimfikia kama linavyofika darasani, likiulizwa kwa heshima, mbele ya watu waliokuwa wanangoja kusikia kama kweli hakosei. Na kwa kitambo kifupi, kabla hajajikamata, alifurahi kuulizwa.

"Baba yake alikuwa wa upande ule," alisema kwa sauti yake ya darasani. Halafu akaongeza haraka, "Lakini alikufa zamani."

Christian alimgeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Vijana wawili walimshika mikono, mfuko wake wa michoro ukaanguka, wakamvuta nyuma ya nyumba za karibu. Blanchard aliinua kamba.

"Pita, Prof."

Athanase alipita. Alipokuwa upande wa pili, alisikia mdomo wake ukishukuru, "Merci."

Kambini karibu na uwanja wa ndege, Emerance alikuja mbio.

"Christian iko wapi?"

"Tulipoteana mu msongamano ya batu," Athanase alisema.

Emerance alimshika mkono. Akamketisha kwenye mkeka wake, akampa uji aliokuwa amemwekea mwanawe. Athanase aliunywa. Baadaye, kila alipokumbuka mwaka ule, hakukumbuka risasi kama alivyokumbuka utamu wa uji ule.

Wiki zilipita. Askari wa Ufaransa walifika, mji ukaanza kutulia kidogo. Kila asubuhi Emerance aliuliza habari kwa waliotoka barabara zote, na kila mara alianza kwa kusema, "Prof alimuona mwisho." Siku moja, kwenye foleni ya maji, Athanase alishindwa kuvumilia. Alimwambia yote, ameangalia chini.

Emerance alisikiliza mpaka mwisho.

"Balikupiga?"

"Hapana."

"Balikunyooshea bunduki?"

"Balikuwa nazo. Hawakuninyooshea."

Emerance alichukua bidoni yake ya maji, ikiwa bado tupu, akaenda.

Habari ilizunguka kambi yote. Priscille hakumtukana mumewe. Aliendelea kumpakulia chakula, ila aliacha kumwita Prof mbele ya watu. Waliporudi nyumbani walikuta wavu umeibwa na vyungu vya kigeni vimevunjwa. Okidi za porini zilikuwa bado hai kwenye magogo. Athanase alizimwagilia, lakini hakushika tena kalamu kuandika jenasi.

Christian alirudi mwezi wa tisa. Vijana wa Blanchard walikuwa wamembebesha mali ya wizi mpaka upande wa machimbo ya dhahabu, na alitoroka siku kundi lile liliposambaratishwa. Mguu mmoja ulikuwa umeoza kwa kidonda. Alitembea kwa fimbo. Athanase alikaa na habari hiyo siku nyingi kabla ya kwenda Rwambuzi. Alimkuta Christian mlangoni, juani.

"Christian, mwanangu, niliogopa," alianza.

"Batu bote baliogopa," Christian alisema taratibu. "Lakini nilikuona uso, Prof. Pale hukuogopa. Ulikuwa unajibu."

Athanase alisimama mpaka Emerance alipotoka na kumwambia mgonjwa anataka kupumzika.

Mwaka uliofuata mama na mwana walihamia Aru, kwa ndugu za Emerance. Siku ya kupakia lori, Athanase alifika bila kuitwa, akabeba godoro na masanduku. Emerance alimwacha apakie, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine. Christian alikuwa amekaa mbele na dereva. Athanase alizunguka upande wa dirisha, akamwambia safari njema.

"Asante kwa godoro," Christian alisema, akapandisha kioo.

Shuleni, somo la uainishaji lilipofika, Athanase aliwaambia wanafunzi wasome wenyewe kitabuni. Msichana wa mbele aliinua mkono akitaka kuuliza. Athanase alijifanya hakumwona, akatoka, akasimama nje karibu na ukuta mpaka kengele ikalia.