Boti Isiyonguruma

Fundi wa boti alikuwa ametangazia mji mzima kwamba boti yake mpya ya mbao, inayotumia betri, haina kelele kabisa. Si alijitakia mwenyewe! Siku ya kuijaribu, mteja wake, mama mwenye hoteli, alikaa mbele kama bibi harusi. Fundi akabonyeza swichi, boti ikateleza kimya.

"Fundi wewe, hii ndiyo raha! Wageni wangu watasinzia humu."

Chini ya miguu ya fundi ubao ulilia kwii, kisha maji yakaanza kudondoka, to, to, to. Akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akainua ubao wa sakafu, akachungulia. Kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, maji yalikuwa yanapenya kwenye kiungo. Kiungo hicho alikiunga kama alivyofundishwa na baba yake, na kama alivyounga boti zake zote za dizeli. Kumbe zote zilikuwa zikilia hivi, injini ikizifunika sauti.

"Kuna nini huko?" mama akauliza.

"Hamna kitu, mama. Tugeuze tu," alisema, akiurudisha ubao.

Walipogeuka, akaiona boti ya kwanza kabisa aliyoiunda ikija, kuukuu, imejaa abiria, inanguruma. Binti yake, mwenye sare za shule, alikuwa amesimama ukingoni mwa boti hiyo akimpungia mkono. Fundi akapiga kelele warudi ufukweni, mpaka sauti ikamkauka.

Binti akaweka kiganja sikioni, akacheka, akamwonyesha injini.