Honi Iliyotoka Kwenye Ukungu

Nilisikia msasa kabla sijaona kitu chochote. Kwaruu, kwaruu, kimya kidogo, halafu pumzi ya mtu anayepuliza vumbi. Nilikuwa nimeshuka kwenye bajaji pale lami inapoishia, Mjimwema, na ukungu ulikuwa umeufuta mtaa wote: nyumba ya jirani, mstari wa miparachichi yake, hata lango letu, ambalo nililifungua kwa kupapasa. Niliifuata ile sauti. Kwanza likatokea tairi, limelala peke yake kwenye nyasi. Kisha mlango wa gari ulioegemezwa kwenye mti. Kisha kaka yangu, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, ameinama juu ya boneti ya pikapu ya baba kama mtu anayemnyoa mzee ndevu.

"Umefika," alisema bila kuinua kichwa. "Usikanyage hapo. Hizo ni skrubu za taa ya kushoto."

Pikapu hiyo ilikuwa imesimama uani, kando ya nyumba, tangu kabla baba hajaugua. Kuku walikuwa wametagia kwenye kiti cha dereva, na mbegu ya mti fulani ilikuwa imeota kwenye bodi la nyuma, ikawa kichaka. Sasa kichaka hakikuwepo, kuku walikuwa wamehamishwa kwa ugomvi, na kaka, ambaye biashara yake ni mbao kule Makambako, alikuwa akiziacha mbao na kuja Njombe kila alipopata upenyo.

Mama alikuwa barazani, ungo mapajani, akichambua maharage.

"Kamwene," alinisalimu.

"Kamwene, mama."

Alinitazama juu hadi chini. "Umekonda. Huko Dar mnakula maandishi? Nenda kamwambie kaka yako anawe kabla ya chai. Siku hizi anakula rangi ya gari."

Maharage yale hayakuwa yetu. Yalikuwa ya mama mkubwa, dada yake wa pekee, anayeishi Lupembe. Mama aliletewa maharage kutoka Mlangali, kwa ndugu wa baba, akayachambua punje kwa punje kwa sababu dada yake hapendi kukutana na jiwe kwenye sahani, kisha akampa kondakta wa basi ayapeleke. Mama mkubwa miguu ilikuwa imemkataa. Alikuwa halali vizuri, na kwenye simu sauti yake ilikuwa imeanza kuwa ya karatasi. Kila walipozungumza aliuliza swali moja, unakuja lini, na mama alijibu, nakuja.

Lakini hakwenda. Mara ya mwisho mama kupanda gari ilikuwa siku tuliyomleta baba kutoka hospitali, yeye ameketi mbele, baba amelala nyuma ndani ya jeneza. Tangu hapo alikwenda kwa miguu kanisani, kwa miguu sokoni, na mahali ambapo miguu haifiki hakufika.

"Nimemwambia twende kwa basi, kakataa," kaka alisema nilipompelekea chai. "Kwa gari langu, kakataa. Mchungaji akajitolea gari lake, mama akamwambia asante, nina miguu. Lupembe, kwa miguu."

"Na hili atapanda?"

Aliipuliza chai. "Hili lilimtoa kwao siku ya harusi. Likirudi kuwa kama alivyolijua, atapanda."

"Alivyolijua, au kama lilivyotoka kiwandani?"

"Ni kitu kimoja," alisema. "Tulioliharibu ni sisi."

Basi nikakaa. Nilikuja kuandika, na asubuhi nilikuwa nikiandika kweli, lakini mchana nilijikuta nimechuchumaa kando ya pikapu, nimeshika nati kwenye kopo la mafuta ya taa. Kaka alikuwa amepata picha kwenye simu, za watu wa nchi za mbali ambao wana pikapu kama ile na wanaipenda kuliko ndugu zao. Alizikuza hadi zikapoteza umbo. Alijua sasa kwamba mikanda ya plastiki kwenye viti ilishonwa mistari iliyosimama, si iliyolala. Alijua kwamba herufi za jina la gari kwenye mlango wa nyuma zilikuwa za chuma, zimepigwa, si za stika. Rangi halisi aliipata kwenye bati nyuma ya kisanduku cha dashibodi, mahali ambapo jua halikuwahi kuingia: kijani hafifu, kama jani changa la chai lililotumbukizwa kwenye maziwa. Alikifungua kile kipande cha bati, akakifunga kwenye khanga ya mama, akaenda nacho Makambako kwa mchanganya rangi. Alirudi bila rangi, kwa hasira, akaenda tena, akarudi bila rangi. Mara iliyofuata alirudi anaimba.

Kila alichokirudisha kilikuwa kizuri, na kila alichokirudisha kiliniacha nyuma. Mimi nililijua gari la buluu. Nililijua lina mabomba ya chuma ubavuni ya kuzuia magunia, lina kitambaa cha kufuma juu ya dashibodi, na usukani umevikwa manyoya. Kaka aliviondoa vyote akavipanga stoo kwa heshima. Pikapu ilikuwa inarudi kwenye wakati ambao mimi sikuwepo. Nilipolitazama gari jioni, limepakwa koti la kwanza la rangi, lilionekana kama gari la ndotoni, unalolijua lakini hujui ulilijulia wapi.

Siku alipofungua honi, mama alisimamisha ungo.

Ilikuwa honi ya lori. Baba aliifunga zamani, na sisi tulikua nayo; ikilia, mbwa wa mtaa mzima walijibu. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya baba kufika.

"Hiyo siyo ya gari hilo," mama alisema kutoka barazani. "Yake ilikufa. Hiyo baba yenu aliiokota kwa madereva wenzake."

Kaka aliniangalia. Nikaona jinsi alivyofurahi. Alikuwa amepata tundu moja zaidi la kuziba.

Tulikwenda Makambako pamoja. Muuza spea za magari ya zamani alikuwa na banda karibu na stesheni, na bidhaa zake zilining'inia darini hadi tukaingia tumeinamisha vichwa. Alivaa sweta mbili na kofia ya sufu.

"Unataka honi inayolia au inayofanana?" alimwuliza kaka.

"Inayolia kama ilivyokuwa ikilia."

"Lini hiyo?"

"Kabla sijazaliwa."

"Sasa bwana mbao, wewe uliisikia ukiwa wapi?" Alicheka hadi kofia ikashuka machoni. Treni ilipita wakati huo, ikapiga honi yake ndefu iliyotikisa vikombe vya taa ukutani, na mzee akanyoosha kidole. "Au nikufungie hiyo?"

Kaka hakucheka. Alichagua tatu, zote za aina ile, zote kuukuu, na njiani alizipakata kama mayai.

Alizijaribu hapo uani, waya kwenye betri, moja baada ya nyingine. Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Hiyo ni mbuzi."

Kaka akafunga ya pili.

"Hiyo ni ya bwana mifugo. Alikuwa anapita hapa na pikipiki."

Ya tatu ililia nyembamba na safi. Mama alisita. Nilimwona amesita.

"Hiyo inaomba msamaha," alisema, akaendelea kuchambua.

Kaka aliitupa ile honi kwenye kikapu, akanawa mikono kwa muda mrefu sana. "Picha zote zinaonyesha ni hiyo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Zote. Mama hakumbuki. Au hataki." Akakaa kwenye ngazi, amegeukia pikapu yake ya kijani iliyokuwa inang'aa, imekamilika, haina pa kwenda. "Hataki. Hii ndiyo namna yake ya kukataa."

Jioni hiyo simu ya Lupembe ililia. Mama alizungumza amesimama, mkono mmoja umeshika nguzo ya baraza. Unakuja lini. Nakuja. Alipokata hakukaa.

Nilimletea koti lake. Nikamwuliza, kwa kuwa sikuwa nimewahi kumwuliza, ilikuwa inaliaje.

"Lupembe asubuhi," alisema, "ukiwa ndani ya shamba la chai huoni mkono wako mwenyewe. Unachuma kwa vidole tu. Unasikia jirani anakohoa, hujui yuko mstari gani. Lori la kubeba majani lilikuwa linakuja baadaye. Kabla yake inakuja pikapu hii hii, na mizani. Sasa yule dereva wa mizani alikuwa anaanza kupiga honi bado yuko mbali, kule kwenye kona ya chini, ili tujue tuanze kushuka na vikapu. Tunamsikia, hatumwoni. Tunafika kwenye banda la kupimia, bado hatumwoni. Halafu taa mbili."

"Ndiye baba."

"Ndiye nani mwingine?" Alivuta koti. "Nyie mnanipigia hapa sikioni, kama mnauza samaki. Na mnapiga moja. Ile ilikuwa inalia kama kwaya. Kuna sauti ya juu na kuna besi, kwa pamoja. Dada yangu alikuwa ananitania. Anasema, besi ni yeye, anakuita, na ile nyembamba ni wewe, unaitika kabla hujaulizwa." Alitabasamu kwenye giza lililokuwa linaingia, akasahau kwamba nipo. "Alikuwa na mdomo yule."

Sikungoja. Nilikwenda kwa kaka, aliyekuwa anakunja turubai.

"Zilikuwa mbili."

"Nini?"

"Honi. Moja juu, moja besi."

Alisimama na turubai mkononi. Kisha akalala chali, akajiingiza chini ya pua ya gari, na kwa muda niliona miguu yake tu, haitikisiki. Upande wa kulia wa rejeta kulikuwa na kibano kidogo cha chuma chenye tundu moja. Alikuwa amekisugua kwa msasa, akakipaka rangi kwa brashi nyembamba, kisha akabania nyaya humo kwa sababu hakujua kazi yake, na katika picha zake zote kilikuwa kimejificha nyuma ya wavu wa mbele.

"Nimekipaka rangi kwa mikono yangu," alisema kutoka huko chini. "Makoti mawili."

Muuza spea hakushangaa. "Hizo huja pacha," alisema. "Watu wanataka moja, nawatenganisha. Ungeniambia ni kwa ajili ya mtu anayesikiliza." Alipindua ndoo ya vyuma sakafuni, akachokoa kwa mguu, akatoa ile nzito. Pacha wake ndiye aliyekuwa kwenye kikapu kule nyumbani, aliyeomba msamaha.

Tulifunga zote mbili mchana, mama akiwa sokoni, na hatukujaribu. Kaka alitaka. Nilimshika mkono. Tulingoja asubuhi ambayo ukungu ungekaa, na Juni haikutunyima; palipokucha, dirisha langu lilikuwa jeupe kama ukurasa.

Kaka aliisukuma pikapu hadi barabarani bila kuiwasha, kuelekea kwenye mteremko. Nilimsikia akihema, kisha sikumsikia. Nilikwenda kukaa barazani na mama. Alikuwa na ungo wake. Maharage yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa, lakini bado aliyapitisha vidoleni, ya zambarau, ya madoadoa, yanaanguka, yanaokotwa.

"Kaka yako yuko wapi asubuhi hii?"

"Ametoka kidogo."

"Bila chai."

Uani hapakuwa na kitu. Pale pikapu iliposimama miaka yote kulikuwa na mstatili wa udongo mkavu, nao mwisho wake ulimezwa na ukungu. Jogoo aliwika mahali fulani ambapo pangeweza kuwa kwetu au kwa jirani. Kisha, kutoka chini kabisa, upande wa miti ya paini, ikaja.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti mbili zilizoshikana, moja imebeba nyingine, na ukungu ulikuwa umezipunguza makali hata nikashindwa kujua kama zimelia sasa au nimezikumbuka. Sikuwahi kuzisikia maishani. Nilizijua. Zikanyamaza. Zikaja tena, karibu zaidi, kwenye kona.

Mama aliweka ungo chini. Alinyanyuka kwa kushika nguzo, akaingia ndani, na nikasikia sanduku likifunguliwa chumbani.

Taa mbili zilitokea langoni, za manjano, zimekaa chini kama macho ya ng'ombe. Injini ilinguruma polepole. Kaka alitoa kichwa dirishani, uso wake wote ni swali. Nilitikisa mabega. Alishika ufunguo kama anayetaka kuzima.

"Mwambie asizime," mama alisema nyuma yangu.

Alikuwa amevaa viatu vya kanisani na kitenge kipya, koti juu yake, na ule mtandio anaoufunga akienda mbali. Mkononi alibeba mfuko wa maharage.

"Nitakuja na ninyi," nilisema.

"Wewe baki uandike. Na kuku uwape chakula. Kaangalie dirisha la jikoni kama nimelifunga, paka wa jirani hana adabu." Alishuka ngazi ya kwanza, akasimama, akamwambia kaka kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja njia, "Tukifika Lupembe uanze kupiga kwenye kona ya chini. Siyo mlangoni. Dada yangu masikio bado anayo." Kisha akapandisha tena ngazi ile, kwa kuwa alikuwa amesahau fimbo ya kutembelea aliyotaka kumpelekea dada yake.

Niliingia jikoni. Dirisha lilikuwa wazi. Nje ya dirisha hapakuwa na dunia, palikuwa na weupe tu na harufu ya majani yaliyolowa. Nilipolivuta na kugeuza kitasa, nilisikia hatua za mama sebuleni zikielekea nje, za viatu vigumu, bila haraka, na mlango wa mbele ukifungwa nyuma yake.