Majivu ya Chwele

Saa tatu asubuhi, siku ya soko wiki iliyopita, mwanamke kutoka Kitale alipanga vibuyu vinne vya mursik, maziwa ya kuganda ya jamii yao, kwenye safu ya wauza mboga, sokoni Chwele. Jirani yake, ambaye ndiye kiongozi wa safu hiyo, alimimina kidogo kwenye kikombe, akaona maziwa ni ya kijivu, akakirudisha kwa vidole viwili.

"Mama, hii imeingia masizi. Utatufukuzia wateja. Beba vibuyu urudi kwenu."

"Si masizi. Ni mkaa ya mti. Tunasugua ndani ya kibuyu ndio maziwa ikae."

"Majivu kwa chakula, ati? Hapana, bana."

Mgeni hakubeba kitu. Alinyoosha kidole kwenye chupa zilizopangwa kando ya mboga za jirani. Zilikuwa na munyu, maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo watu wa Chwele hulainishia mboga.

"Na hiyo yako, mama, ilitoka mbinguni?"

Safu nzima ilicheka, hata mimi niliyekuja kununua mboga. Kiongozi alizitazama chupa zake, akachukua kile kikombe, akanywa.

"Leo kaa," alisema, akifuta mdomo. "Lakini sogeza kibuyu, unaziba sukuma wiki yangu."

Shuleni tulichora ramani, tukapaka kila jamii rangi yake, na mwalimu akampa alama asiyeruhusu rangi kuvuka mpaka. Wapishi hawakufanya mtihani huo.

Juzi nilirudi Chwele. Vibuyu vilikuwa palepale, vitatu tayari vitupu, na mwenye vibuyu alikuwa akifunga chupa mbili za munyu wa jirani za kupeleka Kitale.