Radi ya Nyangeta na Nira ya Mugeta

Ipo asubuhi moja ya kijijini Mugeta ambayo sijaisahau mpaka leo, mwanangu, na kelele zenu za jana hapo sebuleni ndizo zimenirudisha huko. Msidhani nilikuwa nimelala. Nimesikia ndugu zako wakilalamika kwamba huyo mhusika uliyemtunga, huyo mwita fisi, amepitiliza. Akipiga mbinja tu fisi wanatokea, adui wanakwisha, na wengine mezani wanabaki kukodoa macho. Wewe ukanuna, ukataka kumfuta kabisa. Ngoja kwanza, kaa hapa. Mchezo huo wa kuigiza wahusika mezani, mnaodhani umeletwa hapa Nyakato na simu zenu, mimi nilikuwaga bingwa wake kabla hata sijamjua mama yako. Usicheke!

Tulikuwa sekondari Musoma. Mwenzetu mmoja alipata kitabu cha mchezo huo, cha Kiingereza, jalada limeshang'oka, tukakisoma mpaka kikalegea. Dadu hatukuwa nazo, basi tukaandika namba, moja mpaka ishirini, kwenye vizibo vya soda, tukavitia kwenye kopo. Ukitaka kujua kama pigo lako limempata adui, unachomoa kizibo; namba ikiwa kubwa, umempata. Wahusika wa kitabuni, na ngome zao za mawe, hatukuwataka. Tulitunga wa kwetu na uwezo wao tukautunga wenyewe. Mwongozaji wa hadithi, yule anayesema mbele kuna nini na nani kafanikiwa, nilikuwa mimi. Najidai, ndiyo, na nina haki ya kujidai.

Likizo ya Desemba wenzangu wawili walikuja Mugeta, kwa Baba Mkubwa aliyenilea. Masatu wa Murangi alilala chumbani kwangu. Nyangeta, msichana wa Butiama, alifikia kwa shangazi yake, nyumba ya jirani. Ulikuwa msimu wa kulima pamba, hivyo asubuhi tulikuwa shambani na jembe la ng'ombe. Ng'ombe wakishafunguliwa, tunakula, tunatandika mkeka, vizibo vinaanza kulia kwenye kopo.

Sasa sikia. Nyangeta alitunga mwita mvua. Akiinua mkono, radi inashuka na kuwachoma adui wote waliopo, papo hapo, kila zamu. Loo! Siku ya kwanza tulishangilia. Masatu yeye alikuwa na mvuvi mwenye chusa, ile fimbo yenye ncha ya chuma ya kuchoma samaki, na kamba ndefu. Maskini, kila zamu yake ikifika, hakuna aliyebaki wa kuchomwa. Siku ya tatu akainuka mchezo haujaisha, akaenda kukunja nguo zake.

"Masatu, vipi?" nikamuuliza.

"Kesho narudi Murangi, bhana. Hapa mimi ni mtazamaji tu. Kama ni kutazama, kwetu kuna ziwa zima la kutazama."

Aliisema kwa utani lakini sauti yake haikuwa na utani. Nikamkimbilia Nyangeta, nikamwambia radi yake naipunguza: itashuka mara moja tu kwa siku, na iwe ndogo. Weee! Aliniangalia kama niliyemtukania mama.

"Radi ndogo ni radi gani? Basi mchukue mwita mvua wako, mimi sichezi."

Hapo nilichanganyikiwa kweli, mwanangu. Nikimwachia Nyangeta radi yake, Masatu anaondoka. Nikiipunguza, Nyangeta anaondoka. Hao ndio walikuwa marafiki zangu wa pekee, na meza yangu ilikuwa inakufa mikononi mwangu.

Asubuhi yake niliwaongoza maksai kwa hasira. Walikuwa wawili chini ya nira moja. Mmoja tulimwita Chui, dume la nguvu hasa. Mwenzake, Madoa, alikuwa mdogo, ndiyo kwanza anafundishwa. Chui anavuta mbele, Madoa anabaki nyuma, nira inakaa upande, mtaro unapinda. Nikawa namchapa Chui fimbo za pua apunguze mwendo. Baba Mkubwa, aliyeshika jembe nyuma, akapiga ukelele mpaka ndege wakaruka.

"We kijana, acha! Unamchapia nguvu zake? Nguvu ndiyo kosa lake?"

Alikuwa mzee mkali, lakini hakukaripiaga mtu akamwacha hivyo hivyo. Aliwasimamisha ng'ombe, akaja mbele, akaniita nitazame. Mnyororo wa jembe ulikuwa umefungwa katikati ya nira. Akaufungua, akausogeza upande wa Chui, akaukaza. "Sasa huyu mkubwa mzigo umemkaribia, anabeba zaidi. Huyu mdogo upande wake wa nira umekuwa mrefu, anapata wepesi. Twende." Tukaenda. Mtaro ukanyooka, mwanangu, na Chui akavuta kwa nguvu zake zote bila kuguswa na fimbo.

Nilisimama kwenye udongo nikacheka peke yangu. Baba Mkubwa akadhani jua limenipata.

Masatu nilimsihi acheze mara moja tu kabla ya gari la mchana. Nikawatangazia: radi ya Nyangeta haipungui hata chembe. Ila mawingu yanachukua muda kukusanyika, na wakati huo yeye anasimama amefumba macho, hawezi kukimbia wala kujikinga. Na radi yenyewe haishuki popote, inafuata chuma. Inashuka pale tu chusa la Masatu lilipochoma.

Wakatazamana. Nikatoa mnyama wa ziwani, mkubwa kuliko mtumbwi, anakuja moja kwa moja kwa Nyangeta aliyefumba macho. Masatu akatia mkono kwenye kopo. Akachomoa. Kumi na tisa! Chusa likazama shingoni mwa mnyama. Nyangeta akaruka juu akapiga yowe, "Radiii!", Masatu akamkumbatia, mkeka ukavurugika, vizibo vikamwagika, na Baba Mkubwa akaja mbio kuuliza nani amekufa. Gari la mchana likapita. Masatu alikaa Mugeta mpaka shule zikafunguliwa.

Nimefanya mengi maishani, nimejenga, nimewasomesha, lakini siku ile najivunia mpaka leo, nakwambia wazi. Na wao hawajasahau. Mwaka jana Masatu alipomwozesha binti yake kule Murangi, alimshika Nyangeta mkono mbele ya wakwe, mama mtu mzima na kitenge chake, akasema, "Huyu ndiye radi yangu." Wakwe hawakuelewa kitu. Sisi watatu tulilia.

Kwa hiyo usimfute mwita fisi, na usikubali wamkate meno. Umemtunga vizuri, nimesikia, na nimefurahi kuwa damu yangu inatunga hivyo. Mwongezee mzigo. Fisi wake wale nini, wamtii nani, wamhitaji ndugu yako yupi ndipo waje? Wewe mwenye nguvu ndiye utafute hilo jibu, usimsubiri aliyeonewa akunje nguo zake. Na nje ya mchezo fanya vivyo hivyo.

Mungu akuzidishie nguvu, mwanangu, na kila akikuzidishia akupe na wa kuvuta naye. Nenda kawaite ndugu zako, na mniachie nafasi hapo mezani. Nina mvuvi mmoja, ana chusa.