Mkalimani wa Maneno Matatu

Mnicheke tu, maana hata mimi nimejicheka hadi nimechoka. Juzi hapa kijijini kwetu Mitunguu kulikuja mama Mholanzi, mnunuzi wa ndizi. Nami nilikuwa nimemwambia Mama Kendi, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa ndizi na mama wa msichana ninayetaka kuoa, kwamba Kiholanzi nakijua. Nilichojua ni groot, groter na grootst, yaani kubwa, kubwa zaidi na kubwa kabisa, maneno niliyofundishwa na simu. Nilidhani mnunuzi wa ndizi hana la kusema zaidi ya ukubwa.

Shambani nilitamba. Nilishika mkungu nikasema groot, nikashika mwingine nikasema groter. Mgeni alifurahi hadi akaacha Kiingereza chake kizuri, akabaki na Kiholanzi kitupu.

Tukaketi kula. Kwetu sahani ya mgeni haiachwi tupu. Alipomaliza mukimo, ule mseto wetu wa viazi, mahindi na mboga uliopondwa, akashika tumbo, akaongea maneno marefu. Wote wakanigeukia.

"Anasema anataka sahani kubwa zaidi," nikatafsiri.

Mama Kendi akamjazia. Mgeni akala kwa heshima, jasho likimtoka, akaongea tena akinitazama kama anayeomba msaada.

"Sasa anataka ile kubwa kabisa."

Ukaja mlima wa mukimo na paja la kuku juu. Mgeni akatoa simu, akainong'oneza, akaiweka mezani. Simu ikasema kwa Kiswahili safi: "Nimeshiba tangu sahani ya kwanza. Tafadhali mwambieni huyu kijana asiniombee chakula tena."

Mama Kendi akaisukuma ile sahani mbele yangu. "Kula, mkalimani. Ukimaliza, kuna kubwa zaidi."